Buda alikuachia Peugeot 504? Cheki sampu kabla injini inoki

Peugeot 504 zilishinda Safari Rally 1975 na 1978, lakini usijidanganye. Jiwe moja kwa rafu rodi ya Migori linaweza kuimaliza yako.

Chini ya injini kuna sampu, bakuli la oili. Pampu hunyonya oili hapo na kuituma juu ilainishe vyuma. Sampu ikitoboka, oili inamwagika. Ikibonyea sana, pampu inakosa pa kunyonyea. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, simama uzime gari hapo hapo. Ukisema "wacha nifike Rongo kwanza," utafika na injini imenoki.

Ndio maana wasee hufunga bamba la chuma chini, ile sampugadi. Poa, lakini ina noma yake: inaficha kuvuja. Oili inatulia ndani ya bamba, pakingi iko kavu, we unadhani uko sawa. Tena tope jeusi la Homa Bay likikaa humo, chuma kinaoza pole pole.

So kila ukimwaga oili, ambia fundi atoe bamba, alioshe, acheki gasketi. Nati ya sampu asiikaze kwa hasira, thredi zitaisha. Asubuhi kabla uwashe, vuta dipstiki. Ni dakika moja tu, na injini ni doo mob.