Msomaji anajua, baba hajui

Hadisi ya mapendo ikitoka kipande kwa kipande, inakatwa pale roho inaruka. Siye watu wa sendika tunajua hiyo njaa ya kungoja. Mwaka 1842-1843, gazeti Journal des Débats la Paris lilitoa vile Les Mystères de Paris ya Eugène Sue. Germain anaficha mapendo yake kwa Rigolette mpaka anafungwa. Rodolphe anasaidia Fleur-de-Marie. Msomaji anajua ni binti yake, yeye anazani mtoto wake alikufa.

Wasomaji walishindwa kunyamaza. Mamia ya barua zilimufikia Sue. Watumikaji nao waliandika, wakieleza umaskini wao wenyewe. Njo nguvu ya hadisi: kujua na kunyamaza kunachoma, mwisho mtu anashika kalamu.