Sura ya 6: Kilichokufa Hakiuliki

Kila ninapofundisha skripti, hakosi mtu wa kulalamika kwamba kompyuta yake imejaa zombi wanaokula memori. Dawa yake ni kill -9, na ikigoma, zima uwashe. Huo ni uganga, na lazima tuuache.

Mpango wa sura ni kuzalisha mchakato, kuusubiri na kuusimamisha. Kuzalisha hakuna shida: kwenye Linux mzazi huita fork, mtoto hupata namba yake, PID, kisha huita exec na kuanza programu nyingine. Moduli ya subprocess, iliyoingia katika Python 2.4 mwaka 2004, hukufanyia yote hayo.

Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Tuseme saiba moja mjini Tawa, Makueni, ina skripti ya Python inayogeuza fomu za wateja zilizoskaniwa kuwa PDF. Kwa kila faili inaita subprocess.Popen, inamweka mtoto kwenye orodha, kisha inashika faili jingine. Popen haisubiri. Mtoto akimaliza, kerneli huachilia memori yake yote na kufunga faili zake. Hubaki mstari mmoja tu kwenye jedwali la michakato, wenye PID na jibu la kazi: 0 ikiwa imefaulu, namba nyingine ikiwa imeharibika. Huyo ndiye zombi. Hali memori wala hagusi prosesa. Anachoshikilia ni PID, nazo zina kikomo. Jioni, ukipiga ps, unakuta herufi Z zimepangana.

Kill -9 haiwagusi, kwa sababu wamekwisha kufa. Wa kurekebishwa ni mzazi: aite wait(), au poll() mara kwa mara, au skripti itumie subprocess.run, inayosubiri yenyewe. Mzazi akifa, kwa kawaida mchakato namba 1 huwarithi watoto na kuwaondoa. Kuzima na kuwasha hufuta jedwali lote, lakini skripti ni ileile, na kesho Z zitarudi.

Kuhusu kusimamisha, anza na SIGTERM, ishara ya 15, inayoupa mchakato nafasi ya kufunga faili zake. SIGKILL, ya 9, haitoi nafasi hiyo, na PDF inaweza kukatikia katikati.

Msubiri mtoto, kisha soma jibu lake. Bila jibu hilo, mwenye saiba hawezi kujua fomu ya nani haikutoka.