Unataka skana ya polisi ya kusikilizia nyumbani? Soma hapa kabla ya kutoa pesa

UMEIONA video hiyo. Kijana kule Marekani amekaa chumbani, taa kazima, mezani ana kidude chenye antena fupi. Mara sauti ya afisa wa polisi inasikika ikitaja barabara, rangi ya gari na mtu anayetoroka kwa miguu. Ni kama sinema, ila ni mambo ya kweli yanayotokea mtaa wa pili.

Nawe ukajiambia: nami nitakipata. Pengine uko hapa nyumbani unavizia bei mtandaoni. Pengine umeshavuka maji, uko Dallas au Minneapolis unafanya kazi ya usiku, na kila ukisikia king'ora moyo unaruka.

Hebu tulia kwanza. Skana si kama simu, kwamba ukinunua ya bei ghali basi itafanya kazi popote. Binamu yangu anayeishi Minnesota alijifunza hilo kwa uchungu. Alinunua skana kuukuu kwa dola 80, akaichomeka, akaweka masafa ya polisi wa kaunti yake. Alichosikia wiki nzima ni mlio kama wa bodaboda yenye eksozi mbovu. Kidude kilikuwa kizima kabisa, kilichokosewa ni aina. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Zamani ilikuwa mteremko

Polisi wa Detroit ndio walioanza kutuma taarifa kwa magari ya doria kwa redio mwaka wa 1928. Wakati huo gari lilisikia tu, halikuweza kujibu. Na mtu yeyote aliyekuwa na redio nzuri sebuleni aliweza kutega sikio akasikia kila kitu.

Miaka mingi mambo yalibaki hivyo: sauti ya kawaida ya analogi, idara moja kwenye masafa yake yale yale. Skana ilichofanya ni kuruka kutoka masafa haya hadi yale kwa kasi, na kusimama penye sauti.

Leo miji mingi ya Marekani imehamia mfumo wa kidijitali uitwao P25. Juu ya hapo, idara hugawana masafa. Fikiria foleni ya Huduma Centre. Watu wamepanga laini moja, kaunta ni nane, na unaitwa kwenye yoyote iliyo tupu. Polisi, zimamoto na ambulensi wanafanya hivyo hivyo: kompyuta huwapa masafa yaliyo wazi kila wanapobonyeza kitufe cha kuongea. Skana ya zamani ni kama mtu aliyeganda kaunta nambari tatu. Atasikia neno moja la huyu, nusu sentensi ya yule, halafu kimya.

Anza na kaunti, si duka

Kwa hivyo swali la kwanza si "skana gani nzuri?" Swali ni "mahali ninapoishi wanatumia mfumo gani?" Jibu liko bure kwenye hifadhidata ya RadioReference. Tafuta jimbo lako, kisha kaunti yako. Angalia mambo matatu.

Kwanza, je, ni analogi au ni dijitali? Kama idara unazozitaka bado ni za analogi, una bahati. Kidude kidogo kama Uniden BC125AT, chenye bei ya dola mia moja na kitu, kinakutosha. Vilevile kitanasa marubani, mbio za magari na redio za hali ya hewa.

Pili, kama ni P25, ni awamu ya 1 au ya 2? Skana inayosoma awamu ya 1 pekee itakuwa kiziwi kwenye awamu ya 2. Usimsikilize muuzaji anayekwambia "hii ni ya dijitali, itashika zote." Mwulize awamu. Akisita, rudisha kibeti mfukoni.

Tatu, na hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia: je, mazungumzo yamefungwa kwa msimbo? Kwenye orodha hiyo kila kundi la mazungumzo lina herufi pembeni. Ukiona D, ni dijitali iliyo wazi. Ukiona DE, imefungwa kabisa. Kundi likiwa DE hakuna skana duniani itakayokufungulia, hata ukilipa dola elfu. Anayekuahidi hivyo ni tapeli.

Na milango inazidi kufungwa. Polisi wa Denver walifunga mawasiliano yao mwaka wa 2019. Chicago ilianza 2022, ikaacha umma usikilize baada ya nusu saa kupita. New York ilianza kufunga 2023, Brooklyn ikiwa ya kwanza. Polisi wanasema wanalinda maafisa na siri za waathiriwa. Wanahabari wanasema umma unanyimwa jicho la kuwaangalia wenye bunduki. Hoja zote mbili zina uzito, lakini kwako wewe mnunuzi maana yake ni moja: kagua kwanza. Mara nyingi polisi wamefunga ilhali zimamoto na ambulensi bado wako wazi.

Minara inapoimba pamoja

Kuna mtego mwingine ambao matangazo hayautaji. Katika miji mikubwa minara kadhaa hurusha ujumbe ule ule, kwa wakati ule ule, kwenye masafa yale yale. Unajua vile majirani wawili wakifungulia redio stesheni moja, moja ikawa nyuma kidogo, huelewi wimbo? Skana nyingi huchanganyikiwa hivyo hivyo. Maneno yanakatika katika hata kama mnara uko karibu na dirisha lako.

Uniden walitoa SDS100, ya kubeba mkononi, na SDS200, ya kuweka mezani, zikiwa zimeundwa kukabiliana na tatizo hilo. Bei yake ni zaidi ya dola 600. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya Sh75,000. Kama kaunti yako haina minara ya aina hiyo, huna haja ya kutumia hela zote hizo.

Je, ya mkononi au ya mezani? Kama utasikiliza nyumbani tu, ya mezani ina spika nzuri na huhangaiki na betri. Ya mkononi inakufaa ukipenda kuhama kutoka jikoni hadi kitandani. Lakini yoyote utakayochukua, usidharau antena. Ile fupi inayokuja kwenye boksi ni ya kuanzia tu. Antena iliyo juu, karibu na dirisha au nje ya nyumba, inaweza kukusaidia kuliko kubadilisha skana yenyewe.

Huna pesa? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni Broadcastify, ambako watu waliojitolea hurusha sauti za skana zao kwenye intaneti. Unasikiliza kwa simu bila malipo, ingawa sauti huchelewa kidogo. Anza hapo mwezi mmoja. Ukichoka baada ya siku tatu, umeokoa pesa zako. Ya pili ni RTL-SDR, kidude kinachofanana na flashi, cha dola 30 hadi 40, unachochomeka kwenye kipakatalishi. Programu ndiyo inayofanya kazi ya skana. Ila jiandae: usiku wa kwanza utaumwa kichwa ukiitayarisha.

Sheria haina mchezo

Kusikiliza nyumbani mawasiliano ya polisi yaliyo wazi kunaruhusiwa kwa jumla Marekani. Kusikiliza simu za watu hakuruhusiwi. Sheria ya 1986 ilikataza, na skana zinazouzwa huko huzibwa masafa ya simu.

Ukiiingiza kwenye gari mambo yanabadilika. Majimbo kama Minnesota, New York, Florida, Indiana na Kentucky yana masharti kuhusu skana garini. Na popote pale, ukitumia ulichosikia kufanya uhalifu au kukwepa polisi, umejitafutia kesi. Kama uko kule kwa viza, usicheze na hilo. Soma sheria ya jimbo lako mwenyewe.

Na hapa Kenya? Usinunue skana ukidhani utawasikia polisi wa Nairobi. Mfumo waliojengewa na Safaricom kuanzia 2014 unatumia teknolojia ya 4G, hivyo skana haitaambulia kitu. Pia, vifaa vya mawasiliano ya redio vinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano. Kama redio imekuingia damuni, waulize Mamlaka kuhusu leseni ya redio ya ridhaa, ile yenye majina ya mwito yanayoanza na 5Z. Utazungumza na watu wa mbali, na hata kunasa sauti za wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga kwenye 145.800 MHz wakipita juu yetu.

Ukishasikia, unafanya nini?

Hili ndilo swali ambalo hakuna duka litakuuliza.

Usiku wa kuamkia Aprili 19, 2013, polisi wa Boston walikuwa wakiwasaka washukiwa wa mlipuko wa mbio za marathoni. Maelfu ya watu walikuwa wametega sikio kwenye skana, wengi kupitia intaneti, na kuandika kila walichodhani wamesikia. Afisa mmoja alikuwa akitaja herufi za jina la ukoo la mtu, akasema "M kama Mike". Mtandaoni likazaliwa jina la mshukiwa aitwaye Mike. Jina lingine lililosambazwa lilikuwa la mwanafunzi aliyekuwa ametoweka. Watu waliapa kwamba skana imelitaja, lakini waliochunguza rekodi baadaye hawakulipata. Hakuwa na hatia yoyote. Familia yake, iliyokuwa ikimtafuta kwa machozi, ilitukanwa usiku kucha. Siku chache baadaye mwili wake ulipatikana mtoni.

Polisi walilazimika kuomba watu waache kutangaza nyumba walizokuwa wakizipekua. Ulimi hauna mfupa, na kidole kwenye simu hakina kabisa.

Binamu yangu hatimaye alipata skana inayofaa. Usiku mmoja wa theluji, akiwa amepumzika, akasikia zimamoto wakitumwa kwenye jengo analolijua. Wakenya kadhaa wanaishi pale. Mzee, hapumui. Kabla hajafikiri alikuwa ameshafungua kundi la WhatsApp la Wakenya wa huko na kuanza kuandika: "Poleni, nimesikia kwa..."

Akasimama. Kundi lile lina watu mia mbili, na nusu yao wana jamaa kijijini. Ujumbe ungefika Nyamira kabla ambulensi haijafika hospitalini. Mama wa mtu angeanza kupiga nduru kwa kifo ambacho hakuna aliyekithibitisha. Akafuta kila neno, akampigia simu rafiki yake wa jengo lile, mmoja tu. Kumbe mgonjwa alikuwa jirani wa orofa ya juu, si Mkenya, na madaktari walimwahi.

Tangu siku hiyo ana kanuni moja: skana husikilizwa, haitangazwi. Unachosikia ni habari mbichi. Afisa anasema anachoambiwa na aliyepiga simu, na aliyepiga simu anaweza kuwa amekosea, amelewa au ana chuki na jirani.

Basi ukiamua kununua, fuata mpangilio huu: angalia kaunti, kagua msimbo, soma sheria, jaribu bure kwa simu, ndipo utoe pesa. Na siku utakaposikia anwani ya mtu unayemjua ikitajwa usiku wa manane, weka simu chini kwanza. Kisha mpigie yeye.