Siri ya Mgonjwa ni Sehemu ya Ulinzi

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Usemi huo ni wa kweli, lakini yafaa tuongeze kwamba mtu huyafichua maradhi yake kwa yule tu anayemwamini. Zamani imani hiyo ilikuwa kati ya mganga na mgonjwa wake. Leo, kwa kuwa habari za wagonjwa zinaingizwa katika kompyuta na simu za mkononi, imani hiyo inawahusu pia askari wa jeshi na wa polisi.

Hebu tutazame yanayotendeka Ulaya. Tarehe 26 Machi 2025 ilianza kuwa na nguvu sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu taarifa za afya katika nchi zote 27 wanachama. Shabaha yake ni kwamba mtu wa Ureno akiugua ugenini Finland, daktari wa huko aweze kuona mara moja maradhi aliyonayo na dawa anazotumia. Kazi hiyo itakwenda kwa hatua. Muhtasari wa mgonjwa na hati za dawa vimepangiwa mwaka 2029. Picha za eksirei na majibu ya maabara, mwaka 2031. Estonia ilitangulia tangu mwishoni mwa mwaka 2008, na huko kila raia anaweza kuona ni nani aliyefungua jalada lake.

Faida ya mpango wa namna hiyo askari ataielewa upesi kuliko mtu mwingine. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Askari aliyeianza Juba, akahamishiwa Wau au Malakal katika mwezi wa tatu, hana budi kuiendeleza bila ya kukatiza. Akikatiza, maradhi hurudi na huenda yakazishinda dawa. Iwapo kumbukumbu zake zimemtangulia huko aendako, ataendelea na tiba. Iwapo zimebaki katika daftari lililosahauliwa, maisha yake na ya wenzake bwenini yamo hatarini.

Hata hivyo, kilichokusanywa mahali pamoja huweza pia kuibwa mahali pamoja. Tarehe 14 Mei 2021 wahalifu waliifunga mitambo ya kompyuta ya huduma za afya za taifa la Ireland na kudai fedha. Madaktari walirudia kalamu na karatasi, na wagonjwa wengi wakaahirishiwa matibabu. Miongoni mwa walioitwa kusaidia kuifungua mitambo hiyo walikuwamo wanajeshi wa nchi hiyo. Nchini Finland, mwaka 2020, wagonjwa wa kituo kimoja cha ushauri wa akili waliletewa vitisho kwamba walipe, la sivyo siri walizowaambia washauri wao zitatangazwa. Watu wapatao 33,000 waliibiwa habari zao. Polisi walifuatilia kwa subira, na mwaka 2024 mhalifu alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 6. Ni dhahiri basi kwamba hata katika nchi tajiri, tiba ya kisasa inahitaji walinzi.

Je, sisi tulioko Juba mambo haya yanatuhusu? Yanatuhusu sana. Wizara ya Afya ya Sudan Kusini imekuwa ikitumia programu iitwayo DHIS2 kukusanya hesabu za magonjwa kutoka vituo vya afya. Programu hiyo huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, lakini chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Umuhimu wa habari kufika mapema tunaujua kwa machungu. Mwaka 1976 Ebola ilizuka Nzara, miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, ikafika hospitali ya Maridi na kuenea humo. Ilianza mwezi Juni na haikwisha hadi Novemba. Katika wagonjwa 284, walifariki 151, wauguzi wakiwamo.

Lakini programu haina miguu. Habari huanza kwa mhudumu wa afya kijijini, anayepita kizuizini akiwa na simu na daftari. Simu hiyo ikinyang'anywa, au ikifunguliwa ili ijulikane nani ana ukimwi, nani alitibiwa jeraha la risasi na nani ni wa kabila gani, kesho mgonjwa atajificha msituni. Na maradhi yaliyojificha msituni hayachagui. Huingia kambini pia. Mwanzoni mwa mwaka 2014 hospitali ya Leer iliporwa na kuteketezwa kwa moto. Waliopoteza matibabu siku ile walikuwa maelfu, wala si upande mmoja tu wa vita.

Sudan Kusini ilijiunga na Mikataba ya Geneva mwaka 2013. Mikataba hiyo inaagiza kwamba majeruhi na wagonjwa, wahudumu wao na hospitali zao wasidhuriwe. Ni wajibu wa kila kamanda kuwafundisha walio chini yake kwamba jalada la mgonjwa lina heshima ile ile iliyo nayo wodi aliyolala. Polisi anayehitaji habari za mgonjwa kwa ajili ya kesi afuate njia ya sheria, si njia ya vitisho.

Ndugu askari, sahani za umeme wa jua juu ya paa la zahanati, simu ya mhudumu na daftari lake ni mali ya umma, na wewe ndiwe mlinzi wake. Huenda mgonjwa wa kesho akawa wewe mwenyewe, na siri itakayohitaji kulindwa ikawa yako.