Oxford: Mji wa maktaba na kengele, wenye urithi wa Wamaasai kabatini

ANAYEPANDA treni asubuhi katika stesheni ya Paddington, London, hufika Oxford baada ya mwendo wa takriban saa moja. Hapo hahitaji tena gari. Vivutio vya mji huu vimekaribiana, na mtu anaweza kuvizungukia kwa miguu na kurudi London usiku uleule.

Wageni wengi huanzia Mnara wa Carfax, katikati ya mji. Akipanda ngazi zake 99, mgeni huiona Oxford yote: minara, mapaa na nyua za vyuo. Masomo yalikuwa yakitolewa hapa tangu mwaka 1096.

Hatua chache kutoka hapo ipo Maktaba ya Bodleian, iliyofunguliwa mwaka 1602, na jirani yake Radcliffe Camera, jengo la duara lenye kuba kubwa. Ndani wanafunzi wanasoma, hivyo mgeni haingii ila kwa ziara yenye kiongozi.

Katika Broad Street, msalaba wa mawe uliopangwa barabarani unaonyesha mahali walipochomwa moto wakiwa hai maaskofu Hugh Latimer na Nicholas Ridley mwaka 1555, kwa sababu ya imani yao ya Kiprotestanti. Thomas Cranmer alifuata mwaka 1556.

Anayetoka Afrika Mashariki asikose Makumbusho ya Pitt Rivers, yaliyoanzishwa mwaka 1884. Hakuna kiingilio. Katika kabati za kioo zilizosongamana, vitu kutoka pembe zote za dunia vimewekwa pamoja na vibandiko vidogo vya maelezo.

Mwaka 2017 mwanaharakati wa Kimaasai kutoka Tanzania alitembelea makumbusho hayo na kuona vitu vya jamii yake ambavyo hakutarajia kuvikuta huko. Baadaye, mwaka 2018 na 2020, ujumbe wa Wamaasai wa Kenya na Tanzania ulikwenda kuvitazama. Walitaja vitano kuwa vitakatifu. Kimojawapo ni orkatar, bangili ambayo mwana huirithi baba yake anapofariki. Kitu kama hicho, walieleza, hakiuzwi wala hakitolewi zawadi. Kwao swali likawa: kilimtokaje mwenyewe? Tangu hapo wazee na wasimamizi wa makumbusho wamekuwa wakizungumza jinsi ya kuliponya jeraha hilo.

Jioni, mwenye nafasi asubiri nje ya chuo cha Christ Church. Saa tatu na dakika tano usiku, kengele kubwa iitwayo Great Tom hulia mara 101, idadi ya wanafunzi waliokuwa wa chuo hicho zamani. Mji unaowakumbuka wanafunzi wake wa kale kila usiku hauwezi kushangaa wazee wa Kimaasai wanapokwenda kuuliza habari za baba zao.