MUTU ALIYEJUA KUUZISHA
Tukumbuke maisha ya Millard Fuller



Katika miji yetu ya migodi sisi wote tunajua neno hili: nyumba inafuata kazi. Kazi ikiwa, nyumba iko. Kazi ikiisha, ao baba akifa, mama na watoto wanaanza kuhesabu siku. Kwa hiyo ni vizuri tukumbuke maisha ya Mumarekani mumoja aliyekuja kujenga hapa katika inchi yetu. Lakini mbele ya kujengea wengine, sherti ajifunze kwamba nyumba si ukuta tu.

Millard Fuller alizaliwa mwaka wa 1935 katika muji mudogo wa Lanett, jimbo la Alabama. Alisoma sheria, akawa avoka. Lakini zawadi yake ya kweli ilikuwa kuuzisha. Wakati alipokuwa angali mwanafunzi, yeye na rafiki yake Morris Dees waliandikia wazazi wa wanafunzi wenzao barua: siku ya kuzaliwa ya mutoto wenu ikifika, mutume feza, sisi tutamupelekea keki. Wazazi wakatuma. Angalia akili ile! Hawakuuzisha unga na sukari. Waliuzisha upendo wa mama kwa mutoto aliye mbali.

Kisha masomo walifungua kampani yao katika muji wa Montgomery. Waliuzisha vitabu vya mapishi, hata mito ya kukalia juu ya trakta, na mambo mengi yalipita kwa barua za posta. Fuller alipokuwa na miaka 29 tu, alikwisha kuwa tajiri wa dola milioni moja.

Feza iko, baba hayuko

Fuller alikuwa mutu wa kanisa. Alioa Linda mwaka wa 1959, akamujengea nyumba nzuri, akamununulia kila kitu. Lakini yeye mwenyewe hakuonekana. Asubuhi kazi, usiku kazi. Hata mwili ulianza kukataa: alisumbuliwa na pumzi.

Mwaka wa 1965 Linda alichoka. Alitoka, akaenda New York kutafuta shauri kwa pasta mumoja. Hakwenda juu ya njaa, wala juu ya kupigwa. Alienda kwa sababu alikuwa na vitu vyote, lakini hakuwa na mume.

Wee baba wa jamaa, simama kidogo hapa. Pengine wewe hauna milioni. Lakini mutu anaweza kupoteza jamaa yake na mushahara kidogo vilevile, kama mwisho wa mwezi analeta mufuko wa unga na kusema: «Kazi yangu imekwisha.» Unga uko mezani, lakini baba iko wapi?

Fuller alimufuata muke wake. Walilia, walitubiana. Na pale New York walikata shauri kubwa: kuuzisha vyote, feza wawape watu wa shida, na kuanza maisha upya. Hawakuwa vijana wasiojua bei ya vitu. Walikuwa na watoto wawili wakati ule. Nyuma wakawa na wanne.

Shamba la Koinonia

Nyuma walifika Koinonia, shamba la Wakristo katika jimbo la Georgia. Clarence Jordan, mutu aliyejua sana Kiyunani cha Agano Jipya, alilianzisha na wenzake mwaka wa 1942. Pale weupe na weusi walifanya kazi pamoja na kula meza moja, wakati sheria za jimbo lile ziliwatenganisha. Katika miaka ya 1950 watu walipiga shamba lile risasi, na wachuuzi walikataa kuwauzia vitu.

Mwaka wa 1968 jamaa ya Fuller ilihamia kule. Yeye na Jordan walipanga namna ya kujengea maskini nyumba. Mupango ni huu. Jamaa inapokea nyumba bila faida kwa mujenzi, na bila kuongeza riba, sawasawa Kutoka 22:25 inavyofundisha. Lakini si bure: jamaa inalipa kidogo kidogo kwa miaka, tena inatoa jasho lake kwa kujenga. Feza inayorudi inajengea jamaa ingine. Hivi mutu aliyesaidiwa jana anakuwa mwenye kusaidia leo. Jordan alikufa mwaka wa 1969, lakini kazi ilisonga mbele.

Mbandaka

Mwaka wa 1973 Fuller, Linda na watoto wao wanne walihamia Mbandaka, kando ya muto mukubwa, inchi yetu ilipoitwa Zaire. Walifanya kazi pamoja na kanisa kwa miaka tatu, kusudi waone kama mupango ule unaweza kusimama mbali na Marekani. Kupata simenti ilikuwa vita. Nyumba zilijengwa mahali palipoitwa Bokotola, kiwanja kilichotenga weupe na weusi wakati wa ukoloni. Kwa Kilingala jina lile ni la mutu asiyejali wengine. Nyuma waliliita Losanganya. Na wewe musemaji wa Kiswahili unasikia mara moja: ni kusanganya, kuleta watu pamoja!

Waliporudi Marekani mwaka wa 1976, walianzisha Habitat for Humanity. Sasa ile zawadi ya kuuzisha ilirudi, lakini na bwana mupya. Fuller alizunguka makanisa na miji, akiomba watu watoe feza na siku zao. Mwaka wa 1984 hata Jimmy Carter, aliyekuwa prezida wa Marekani, alishika nyundo na kwenda kujenga New York. Mwaka wa 1996 Fuller alipewa medali kubwa ya prezida. Kufika 2005, nyumba karibu 200.000 zilikuwa zimejengwa.

Si malaika

Lakini tusiseme uongo mbele ya kaburi. Mwaka ule wa 2005 baraza la Habitat lilimuondoa kazini, pamoja na Linda. Mwanamuke mumoja wa kazi pale alikuwa amemushitaki juu ya mwenendo usiofaa. Fuller alikana. Baraza lilisema halikupata ushuhuda wa kutosha, lakini likamuondoa juu ya maneno na matendo mengine yaliyoleta mugawanyiko. Kwa mutu aliyeanzisha kazi, hiyo ni kidonda.

Akiwa na miaka 70, alirudi Koinonia, akaanza tena kujenga na shirika lingine, Linda akiwa pamoja naye. Alikufa tarehe 3 Februari 2009, na miaka 74. Walimuzika pale shambani ndani ya sanduku la mbao tu. Tajiri wa miaka 29, sanduku la mbao!

Musomaji, wewe pia uko na kitu unachokijua: kuuzisha sokoni, kushona, kufundisha watoto, kuchimba. Fuller hakutupa akili yake ya biashara, aliibadilishia bwana. Leo jioni, mbele ya kulala, uliza muke wako ao mume wako neno moja: «Kazi yangu inakupa nini, na inakunyanganya nini?» Halafu nyamaza, usikilize. Usijibu haraka.