Je, Wajua? Kiharusi hakingoji foleni

Je, wajua kwamba kila dakika ambayo mshipa mkubwa wa ubongo umeziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa? Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2006 na daktari Mmarekani, Jeffrey Saver. Izidishe kwa foleni ya jioni pale Nyabugogo, jijini Kigali.

Je, wajua kwamba alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ilionyesha manufaa yake katika utafiti wa mwaka 1995, ikidungwa ndani ya saa 3? Mwaka 2008 utafiti mwingine ulisogeza muda hadi saa 4 na nusu.

Saa hizo huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Aliyelala saa 4 usiku akiwa salama, akaamka saa 12 asubuhi mkono umelegea, huhesabiwa tangu saa 4 usiku. Ndiyo maana daktari anakuuliza maswali mengi badala ya kukimbilia sindano.

Wajua nani hufika mapema? Kwa kawaida si anayepanda ngazi moja moja. Utaratibu wa Mutuelle, bima ya afya ya jamii ya Rwanda, huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndipo hospitali ya rufaa kama CHUK. Kwa malaria ni utaratibu mzuri. Kwa kiharusi, kila ngazi inakula muda wa sindano.

Je, wajua kwamba hakuna daktari anayeweza kutambua kwa macho tu kama mshipa umeziba au umepasuka? Ni picha ya CT-scan inayoamua. Afrika, sehemu ya wanaovuja damu ubongoni ni kubwa kuliko Ulaya. Kwa hiyo jirani anayekimbia na aspirini kabla ya picha anacheza kamari na uhai wa mtu.

Na presha je? Mshipa ukiwa umeziba na mgonjwa hapewi alteplase, miongozo mingi inasema isiteremshwe kwa haraka mpaka ipite 220/120. Anayepewa dawa hiyo lazima awe chini ya 185/110 kwanza. Mshipa ukiwa umepasuka, presha hushushwa mapema. Ugonjwa una jina moja, lakini amri zinapingana. Usimpe mgonjwa vidonge vya presha vya shangazi.

Hili sasa ndilo ninalotaka lisomwe mara mbili. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya hospitali 19 za New South Wales. Baadhi ya hospitali zilipewa nakala fupi ya mwongozo wa kutibu kiharusi, basi. Nyingine, wauguzi wake walifundishwa na kusaidiwa kusimamia mambo matatu katika siku 3 za kwanza: homa, sukari na umezaji. Baada ya siku 90, wagonjwa waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 kwa wauguzi hao, na asilimia 58 kwa wenye karatasi tu. Kipimajoto, kipima sukari na jaribio la kumeza kabla ya kula. Mashine ya mamilioni haikuhusika.

Kwa hiyo ule uji wa igikoma unaomnywesha mgonjwa ili apate nguvu? Usubiri. Ukiingia mapafuni huleta nimonia, na nimonia huua waliookoka kiharusi.

Usidhani kwamba kuzembea mwongozo ni shida ya maskini. Huko Marekani, kabla ya mwaka 2010, chini ya theluthi moja ya waliopewa alteplase waliipata ndani ya dakika 60 tangu walipofika mlangoni, ingawa ndilo lengo lililoandikwa.

Je, wajua kwamba mjini si salama kuliko kijijini? Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Presha ndiyo mshukiwa mkuu. Kigali, siku ya barabara bila magari, hupimwa bure, mara mbili kwa mwezi. Wengi hupita wakikimbia.

Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakipotea: usimchome vidole kwa sindano kama WhatsApp inavyodanganya, wala usitafute aliyemroga. Angalia saa, iandike, piga 912, namba ya gari la wagonjwa Rwanda.